KUUMIA MCHEZONI: MFUPA, KIUNGO NA MSULI

Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya maumivu yawapatayo wachezaji, nami nitaanza na kisa cha jirani yetu.

Huko Mbulu, nchi ipakanayo na Mkoa wa Singida, alizaliwa mkimbiaji John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968 alishindana katika marathoni, mbio za kilometa 42 na zaidi, kwenye michezo ya Olimpiki mjini Mexico City. Njiani wakimbiaji walisongamana. Akaanguka, goti lake likateguka na bega likaumia. Madaktari wakamfunga bendeji, naye akainuka, akaendelea akichechemea. Alifika zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akawa wa mwisho, wa 57 katika waliomaliza. Dunia ikamsifu, na sifa hiyo ni haki yake.

Lakini fikirini jambo moja. Akhwari alikuwa na madaktari karibu yake. Mwanafunzi wa kijijini kwetu aumiapo, wa kwanza kumfikia si daktari. Ni mwenzake, mwalimu au mzazi. Basi salama ya mguu wake imo mikononi mwa hao. Tena miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya mashindano ya shule, nayo ndiyo miezi ambayo ardhi yetu hukauka ikawa ngumu kama sakafu. Kwa hiyo yatupasa kujua la kufanya.

Maumivu haya ni ya namna tatu. Ya kwanza ni ya msuli. Mchezaji atokaye mbio ghafula, mwili ungali baridi, huweza kuchanika nyuzi za msuli, hasa nyuma ya paja. Husikia kama amepigwa kwa fimbo, asiweze kukimbia tena.

Ya pili ni ya kiungo. Mifupa hushikana kwa kano, ambazo ni kama kamba ngumu. Mguu ukikanyaga shimo na kupinduka, kano hizo huvutwa au kukatika, na kifundo huvimba. Pengine mfupa hutoka kabisa mahali pake, kama bega. Hapo umbo la kiungo hubadilika.

Ya tatu ni ya mfupa wenyewe. Dalili zake ni maumivu makali mahali pamoja, kupinda, na kushindwa kuutumia mguu au mkono. Kwa kifundo cha mguu kuna kipimo chepesi: mtu asiyeweza kwenda hatua 4 kwa mguu ulioumia, au aumwaye sana mfupa wa kifundo unapobonyezwa, apelekwe akapigwe picha ya mifupa. Wala msidhani kwamba mfupa huvunjika kwa kuanguka tu. Mtu akizidisha mbio kila siku pasipo kupumzika, mfupa wa muundi huweza kupata ufa mdogo, ukamwuma kila akimbiapo.

Sasa tutafanya nini? Kwanza, mchezaji atoke uwanjani, hata kama timu inashindwa. Pili, mahali palipovimba pawekwe kitambaa kilichochovywa katika maji baridi ya mtungi, muda wa dakika 15 au 20, na kurudiwa kila baada ya saa 2 au 3 siku ile ya kwanza. Tatu, pafungwe kwa bendeji isiyokaza. Nne, mguu uinuliwe juu ya mto au furushi la nguo. Katika siku 2 au 3 za kwanza msikande kwa maji ya moto wala msisugue kwa dawa, maana joto na kusugua huzidisha damu na uvimbe ndani.

Kiungo kilichotoka msikivute kukirudisha. Karibu nacho hupita mishipa ya damu na ya fahamu, nayo huweza kukatika. Mfungeni mgonjwa vivyo hivyo alivyo, mkampeleke hospitali, iwe Kiomboi, Makiungu au mjini Singida.

Mfupa uliovunjika huegemezwa kwa vijiti au mbao zilizozungushiwa nguo, zipite kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika. Hapa sikilizeni sana, maana hapa watu hupoteza miguu. Gango lililokazwa mno huzuia damu, na nyama iliyokosa damu kwa muda wa saa 6 hivi huanza kufa. Mwisho wake ni kukatwa mguu ambao ungeweza kupona. Kwa hiyo yatazameni vidole kila mara. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi, legezeni mara moja na kwenda hospitali. Jeraha likiwa wazi na mfupa waonekana, lifunikeni kwa kitambaa safi, msiusukume ndani.

Baada ya hayo yataka subira. Mfupa wa mkono huunga kwa majuma 6 hivi. Mfupa mkubwa wa muundi hutaka miezi 3 au zaidi. Mchezaji asirudi uwanjani kwa sababu maumivu yamepungua tu. Na aweze kwanza kwenda bila kuchechemea, kisha kuruka kwa mguu ule mmoja, kisha kukimbia na kugeuka ghafula. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwalimu naye awape vijana dakika 10 au 15 za kupasha mwili moto kabla ya mchezo, na mashimo ya uwanja yafukiwe.

Akhwari mwenyewe alirudi mbioni. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa 5 katika marathoni. Watu hukumbuka siku aliyochechemea. Nanyi ikumbukeni na siku ile aliyokimbia akiwa mzima. Kwaherini.