Tajiri wa Mwadui Asiyestaafu

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo nawasimulia habari za mtu aliyeishi kweli, tena hapa hapa kwetu Shinyanga.

Aliitwa John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada. Kampuni iliyomwajiri kutafuta almasi Usukumani ilipokata tamaa, yeye hakukata. Alizunguka porini mfukoni hana kitu, malaria inamsumbua, hadi mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, akamsaidia fedha. Mwaka 1940 akaipata almasi hapo Mwadui. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi.

Sasa tegeni masikio. Alipofika miaka 40 alikuwa na mali ya kumtosha hadi kaburini. Angeuza mgodi akapumzike Kanada. Hakuuza. Alibaki Mwadui na mawe yake, bila mke wala mtoto, akafariki Januari 1958 akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo warithi wake wakauuza: nusu kwa De Beers, nusu kwa serikali ya Tanganyika. Wapo wanaomhurumia kwamba hakupumzika. Mimi simhurumii, maana alichokuwa akikitafuta alikuwa nacho kila asubuhi.

Vijana wengi wa machimbo ya dhahabu ya Geita wana mpango mwingine: nitaingia duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, miaka michache, nikizipata fedha naacha. Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mwenye duara analisha watu na kununua magogo ya kuzuia kifusi. Mchimbaji hana mshahara, anangoja mgawo wa mifuko ya mawe. Mawe yanasagwa kwenye mashine iitwayo karasha, yanaoshwa mwaloni, mahali pa kuoshea, kisha zebaki, ambayo ni sumu, inakamata dhahabu. Duara lisipotoa, jasho la miezi limekwenda bure. Miaka michache inageuka kumi, na kijana hajaipenda kazi hiyo hata siku moja.

Ndiyo maana mjukuu wangu anayependa cherehani namwambia ashone, hata kama mwenzake wa machimboni atamzidi fedha mwaka huu. Ila kila gauni likilipwa, achangie Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, kwani hata aliyejiajiri anapokelewa. Pensheni inadai michango ya miezi 180. Akianza na miaka 20 bila kuruka mwezi, atakuwa ameitimiza akiwa na 35. Akifika 55, umri wa kustaafu kwa hiari, ataamua mwenyewe kama aendelee kushona.