Sumaku yanasa seli za saratani ndani ya damu

SELI chache za saratani zinapobanduka kutoka kwenye uvimbe na kuingia katika mkondo wa damu, kuzipata ni sawa na kutafuta punje moja ya mtama katika ghala la mchele.

Mililita 7.5 za damu, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai, hubeba mabilioni ya seli nyekundu, ilhali za saratani huenda zisizidi tano.

Miongoni mwa mbinu za kuzinasa ni kipimo kiitwacho CellSearch, kilichoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2004 kwa wagonjwa wa saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa mwilini. Kipimo hicho hutumia chembechembe ndogo mno, ambazo ukubwa wake hutajwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Kiini cha chembe hizo ni oksaidi ya chuma, ambayo huvutwa na sumaku. Viini hivyo vikiachwa vitupu, hugandamana na kushikwa na protini zozote zilizomo katika damu. Ndiyo maana huvikwa tabaka la polima, na juu yake hupachikwa kingamwili.

Kingamwili hizo ndizo zinazochagua cha kushika. Hunasa EpCAM, protini iliyopo juu ya seli nyingi za saratani ya matiti lakini haipo juu ya seli za kawaida za damu. Sumaku ikiwekwa kando ya chombo, seli zilizonaswa huvutwa ukutani na damu iliyosalia huondolewa. Kisha seli hutiwa rangi na kuhesabiwa.

Hesabu hiyo ina uzito. Katika utafiti wa wagonjwa 177 uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2004, nusu ya waliokutwa na seli 5 au zaidi kabla ya matibabu hawakuvuka takriban miezi 10, ilhali zaidi ya nusu ya wenzao walivuka miezi 18.

Hata hivyo, kunasa si kutibu. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa kuwabadilishia dawa mapema wagonjwa ambao hesabu yao haikushuka hakukurefusha maisha yao.

Aidha, seli za saratani zisizo na EpCAM ya kutosha huponyoka mtego huo. Kwa hiyo, jibu la kwamba hakuna seli iliyoonekana halimaanishi kuwa mgonjwa amepona.