Swala Hajui Kupishana

Mnyama anayetisha kuliko wote Kariakoo ni Simba, na makao yake yako Mtaa wa Msimbazi. Twiga naye yupo, ila huyu ni mtaa: unakutana na Jangwani pale yalipo makao makuu ya Yanga, watani wake wa soka. Ukiwaondoa hao, dereva wa bodaboda wa katikati ya Dar es Salaam hana mnyama wa kumhofia zaidi ya mbwa koko wa alfajiri. Habari za pikipiki kukutana na swala zinasikika kama mambo ya Wamarekani. Kwao magari hugonga paa wenye pembe za matawi zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka, na waendesha pikipiki hufundishana mbinu za kuwahepa kwa bidii ileile tunayotumia sisi kuambiana trafiki wamesimama wapi.

Lakini Barabara ya Morogoro inapita Fire na Jangwani, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Ukiifuata mpaka Msamvu mjini Morogoro, ukaiacha ya Dodoma na kushika ya Iringa, kabla hujamaliza kilomita 300 utakuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi imekuwepo tangu 1964. Barabara kuu inaikata kwa takriban kilomita 50, hakuna uzio, na abiria wa mabasi ya Mbeya hutalii humo bila kulipa kiingilio. Pikipiki nazo hupita: za wenyeji wa Doma na Mikumi mjini, za watu walionunua chombo Dar wakaamua kukiendesha wenyewe hadi nyumbani kuokoa nauli ya mzigo, na za vijana waliochoshwa na kijiwe wakaenda kujaribu maisha mkoani. Hawa wa mwisho ndio wananitia wasiwasi, kwa sababu wamejifunza kuendesha Kariakoo, na Kariakoo inafundisha vizuri sana jambo moja ambalo Mikumi halifai.

Tazama Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi. Mkokoteni wenye marobota ya nguo unasukumwa na vijana wawili wasioona mbele kwa sababu ya mzigo. Kirikuu inarudi nyuma taratibu, utingo akiigonga bodi kwa kiganja. Mteja amesimama katikati ya njia anapiga picha viatu ili aliyeko Songea achague rangi. Bodaboda anapenya katikati yao wote bila kusimama, klachi nusu, mguu mmoja unaning'inia, honi fupi fupi. Mgeni huona vurugu. Ukikaa kibarazani ukatazama kwa utulivu utaona kuna taratibu, tena kali. Msukuma mkokoteni akisikia honi nyuma yake hageuki wala haharakishi. Anashikilia mstari wake ili mwenye pikipiki ajue upande uliobaki wazi. Mwenda kwa miguu na dereva wakikutana macho, mmoja hupunguza mwendo kidogo na mwingine hupita. Hakuna aliyeandika kanuni hizi, na sijaona chuo cha udereva kinachozifundisha, lakini kila mtu anajua kosa kubwa pale ni lipi: kubadili mawazo ukiwa katikati. Anayepiga hatua mbele, akarudi nyuma, akaenda tena mbele, huyo ndiye anayegongwa, na watu watamlaumu yeye kwanza.

Kwa hiyo kupishana mjini ni mapatano. Yanavunjika, ndiyo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili inajua gharama yake. Ila ndani ya mitaa ya soko mwendo ni mdogo. Kwenye kilomita 20 kwa saa pikipiki inasogea mita tano na nusu kila sekunde, na kukosea mara nyingi kunaishia kwenye kioo kilichovunjika na matusi yanayolingana na hasara.

Sasa mchukue dereva huyo mweke Mikumi, saa kumi na mbili na nusu jioni, kilomita 80 kwa saa. Vibao vinasema chini ya hapo, lakini tuwe wakweli. Kwa mwendo huo anapita mita 22 kila sekunde. Kabla ubongo haujaupa mkono taarifa, sekunde moja imeshakwenda. Ongeza umbali wa breki yenyewe kwenye lami kavu, na anahitaji zaidi ya mita 50 ili asimame kabisa. Taa ndogo ya pikipiki ya biashara haimuliki mbali hivyo.

Anayetokea kwenye majani ni swala pala, kilo 40 mpaka 70, anayeweza kuruka mita kumi kwa mruko mmoja. Dereva anafanya alichozoea: anapiga honi, anausoma mwelekeo wa mnyama, anachagua upande uliobaki wazi. Hapo ndipo ujuzi wa Mtaa wa Kongo unapomgeuka. Swala ametoka kwenye ukoo uliokimbizwa na chui na mbwa mwitu kwa vizazi visivyohesabika, na waliosalia ni wale waliojua kubadili uelekeo ghafla. Kubadili mawazo katikati, kosa lisilosameheka Kariakoo, ndiyo kinga yake. Ukimkwepa kulia naye anaweza kurudi kulia. Macho yake hayakupi ahadi yoyote. Na haendi peke yake: yule wa kwanza akishavuka salama, dereva akashusha pumzi na kuvuta mafuta, kundi zima lililobaki linaweza kuwa bado kwenye majani linajiandaa kumfuata.

Waendesha pikipiki wa nchi zenye paa wengi wanashauriana jambo linalomkera kila aliyekulia foleni ya Dar: usikwepe. Punguza mwendo mapema ukiona dalili, funga breki zote mbili pikipiki ikiwa wima, na ikibidi kugonga, gonga ukiwa umeshapunguza mwendo na umenyooka. Anayekata kona ghafla kwenye mwendo mkubwa huanguka hata kama mnyama hakumgusa. Ushauri huu unahitaji breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa ya kusimamisha chombo, na hapa tuna tatizo la malezi. Vijana wengi huambiwa na aliyewafundisha kwamba breki ya mbele inapindua, basi wanategemea mguu. Mjini mguu unatosha. Kwenye kilomita 80 tairi la nyuma linajifunga, pikipiki inaanza kutembea kiubavu, na swala bado yuko pale.

Kisha kuna matuta. Barabara ya Mikumi ilipofanyiwa matengenezo makubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 magari yaliongeza kasi, na mtafiti Carlos Drews alichapisha mwaka 1995 kazi juu ya wanyama waliokuwa wakigongwa humo. Matuta yamewekwa kupunguza vifo hivyo, na kwa lori yanafanya kazi. Mwenye pikipiki hupita pembeni mwa tuta, mahali palipobaki tambarare, sentimita chache kutoka kwenye majani. Amekwepa tuta kwa ustadi na kujisogeza mwenyewe karibu na walipojificha wanyama.

Sheria, kwa upande wake, imemfikiria mnyama kwa undani. Hifadhini kuna mabango ya faini kwa kila aina ya mnyama. Kanuni za mwaka 2012 za thamani ya nyara zinamweka twiga kwenye dola 15,000, nyati 1,900, pundamilia 1,200, swala pala 390. Hiyo ya swala inakaribia shilingi milioni moja. Faini ya kosa la barabarani la bodaboda, likiwemo la kuendesha bila kofia ngumu, ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Sisemi swala amepandishwa bei mno. Ni mali ya umma na hana kijiwe cha kumtetea. Ninachoona ni kwamba orodha hiyo imemlenga mtu anayegonga mnyama kwa bampa na kuendelea na safari. Dereva wa pikipiki hana bampa. Akimgonga swala wanalala wote wawili, na akimkwepa akaanguka hadaiwi senti na yeyote.

Wala yeye hamdai mtu. Bima ambayo sheria inamlazimisha kuwa nayo ni ile ya mtu wa tatu, na hiyo humlipa aliyeumizwa na chombo chake. Haimlipi yeye, wala haimtambui swala kuwa mtu wa tatu. Mafunzo ya bodaboda yanayotolewa mara kwa mara na polisi na wadau yanakazia alama za barabarani, leseni na kofia, na hayo yote ni ya lazima. Saa moja ya ziada uwanjani, ya kujifunza kufunga breki ya mbele kwa nguvu pikipiki ikiwa wima, ingegharimu lita chache za petroli na labda kioo kimoja au viwili.