Uvimbe wa shingo haupewi jina kijiweni

Jirani yangu mmoja hapa Tabata ni fundi seremala. Karakana yake iko kando ya njia ninayopita kila asubuhi kwenda kusubiri daladala, na kwa miaka mingi tulikuwa tukisalimiana bila kusimama. Siku moja akaniita. "Kaka Mtangazaji, hebu nishike hapa," aliniambia huku akivuta ukosi wa shati. Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe unaokaribia ukubwa wa yai la kuku. Alisema hauumi. Lakini ulikuwa na miezi minane.

Uvimbe wenyewe ulinitisha, ila kilichonitisha zaidi ni wingi wa majina uliyokwisha kupewa. Kijiweni walisema ni kansa, ajiandae. Wengine walinong'ona kuwa ni "ule ugonjwa wetu", wakaanza kukwepa kunywa naye kahawa. Shangazi yake alisema ametupiwa kitu, akampeleka kuchanjwa chale. Zahanati moja ilimpa antibaiotiki mara tatu, kila mara za rangi nyingine. Watu wote hao walikuwa na jibu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameutazama uvimbe ule kwa ndani.

Basi wiki hii nataka tuzungumze juu ya uvimbe wa namna hiyo, ambao wengi wetu tunauita mitoki, na juu ya ugonjwa mmoja usiojulikana sana ambao una somo kubwa kwetu sote.

Mwili wa binadamu una mamia ya tezi ndogo zinazoitwa tezi za limfu. Zimejipanga shingoni, kwapani, kwenye kinena, kifuani na tumboni. Kazi yake ni kama ya vituo vya ukaguzi barabarani. Majimaji ya mwili hupita humo, na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huwakagua wadudu wanaopita. Ukiumwa jino au ukiwa na kidonda mguuni, tezi ya karibu huvimba kwa sababu askari wameongezeka. Vita vikiisha, nayo hunywea. Kwa hiyo mitoki mingi si ugonjwa wenyewe bali ni dalili kwamba mwili unapigana.

Taabu huanza pale tezi inapokataa kunywea. Hapa kwetu mtu mzima mwenye tezi iliyokaa muda mrefu hufikiriwa kwanza kifua kikuu, maana kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Hukaa shingoni pia. Halafu hufikiriwa virusi vya UKIMWI, halafu saratani ya tezi. Madaktari hawakosei kuanzia hapo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonekana sana. Kosa ni kuishia hapo bila kuhakikisha.

Fundi wetu alikwenda hospitali. Alipimwa virusi, hakuwa navyo. Alipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Kisha akachomwa sindano nyembamba kwenye uvimbe, zikatolewa chembe chache, na majibu yakarudi kwamba hakuna dalili ya kansa. Siku ile aliwanunulia soda wote pale karakana. Akarudi kazini na uvimbe wake shingoni, nao ukaendelea kukua.

Nilimuuliza daktari mmoja ninayemfahamu kwa nini sindano isitoe jibu kamili. Alinieleza kuwa sindano hufaa sana kwa mengi, kifua kikuu kikiwemo, lakini hutoa chembe zilizotawanyika. Kuna magonjwa yanayotambulika kwa jinsi chembe zilivyojipanga ndani ya tezi, na mpangilio huo sindano huuvuruga. Nilipomfikishia fundi maelezo hayo, alielewa upesi kuliko mimi. "Yaani wamechukua unga wa msumeno," alisema. "Unga utakuonyesha kuwa huu ni mninga. Hautakuonyesha kama ilikuwa kabati au kitanda."

Safari hii alikubali tezi nzima itolewe. Upasuaji haukuwa mkubwa. Tezi ilitiwa katika chupa yenye formalini, na ndugu wakaambiwa waipeleke wenyewe maabara. Mimi ndiye niliyeipakata chupa ile ndani ya daladala, imefungwa katika mfuko mweusi, na abiria aliyekaa nami akaniuliza kama ninauza asali.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Yaliporudi yalikuwa na jina ambalo hakuna aliyewahi kulitaja kijiweni: ugonjwa wa Castleman.

Benjamin Castleman alikuwa daktari wa patholojia, yaani mtaalamu wa kuchunguza vinyama kwa hadubini, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani. Mwaka 1954 alieleza habari za mgonjwa mmoja mwenye uvimbe wa namna hii, na mwaka 1956 yeye na wenzake wakaeleza wagonjwa 13. Tezi zilikuwa zimevimba mno, lakini chini ya hadubini hazikuwa na saratani. Katika nyingi chembe zilijipanga duara juu ya duara, kama maganda ya kitunguu kilichokatwa.

Ugonjwa huu una sura mbili, na tofauti yake ni kubwa. Sura ya kwanza hushika sehemu moja tu ya mwili. Hiyo ndiyo iliyompata fundi. Mara nyingi tezi ikitolewa yote, mgonjwa hupona na huendelea na maisha yake kama wengine.

Sura ya pili hushika tezi za sehemu nyingi kwa pamoja. Mgonjwa hupata homa zinazokuja na kuondoka, hutoka jasho usiku, hukonda, hupungukiwa damu, na wengu na ini huvimba. Sehemu kubwa ya mateso hayo husababishwa na protini iitwayo intalukini-6, ambayo ni kama king'ora cha kuwaita askari wa mwili. Katika ugonjwa huu king'ora hulia bila kuzimwa. Hapo neno "si kansa" lisimlaze mtu usingizi. Sura hii huweza kuua, na wanaoitibu ni madaktari wa damu na wa saratani.

Sasa tazama dalili hizo nilizozitaja: homa, jasho la usiku, kukonda, tezi. Nani kati yetu asingesema ni kifua kikuu? Ndipo linapotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Mwaka 1994, huko Marekani, Yuan Chang na Patrick Moore na wenzao waligundua kirusi kinachosababisha saratani ya Kaposi, ambayo Tanzania na Uganda tunaifahamu tangu kabla ya UKIMWI. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa walikikuta kirusi hicho hicho kwa wagonjwa wa Castleman wa sehemu nyingi. Kirusi hiki kimeenea katika ukanda wetu. Wengi hukipata utotoni kwa njia ya mate, na walio wengi hakiwadhuru kamwe. Lakini kinga ya mwili ikidhoofika, hasa kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, kinaweza kuamka.

Mtu akiwa na virusi vya UKIMWI, akawa na homa na tezi, ni rahisi kuanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita. Kama kweli ni kifua kikuu, atapona. Kama ni Castleman, miezi hiyo ndiyo anayoipoteza.

Majirani zetu wa Malawi wametupa mfano. Mwaka 2011 maabara ya patholojia ilifunguliwa katika Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Madaktari wake wakawa wanakutana kila wiki kwa mtandao na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, wakitazama pamoja picha za hadubini. Mwaka 2014 wakaandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa wa Castleman wa sehemu nyingi nchini mwao. Ugonjwa ule haukushuka na ndege mwaka huo. Ulikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kuutazama. Ninaposikia ugonjwa huu ukiitwa nadra, siku hizi hujiuliza ni nadra kwa watu au ni nadra kwa hadubini.

Na dawa je? Zipo. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI hupewa dawa za kuvifubaza pamoja na dawa iitwayo rituximab, ambayo tangu 2015 imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kwa wagonjwa wa sehemu nyingi ambao hawana kirusi chochote kati ya hivyo viwili, Marekani iliidhinisha dawa ya siltuximab mwaka 2014. Ni dawa ghali, sitawadanganya. Lakini huwezi hata kuanza kuzitafuta kama jina la ugonjwa hulijui.

Yupo Mmarekani aitwaye David Fajgenbaum. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari ugonjwa huu ulipomwangusha mwaka 2010, akafikia kusomewa sala za wanaokufa. Ulimrudia tena na tena. Akaamua kuchunguza damu na tezi zake mwenyewe, na mwaka 2014 akaanza kutumia sirolimus, dawa ya zamani inayotolewa kwa watu waliopandikizwa figo. Ilimtuliza. Naye hakuanza kwa miujiza. Alianza kwa kujua alichokuwa akipigana nacho.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili kila mwenye mtoki aote ndoto za Castleman. Mitoki mingi hunywea yenyewe. Lakini tezi ikikaa zaidi ya wiki nne, ikizidi sentimita 2, ikiwa juu ya mtulinga, au ikiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda hospitali. Pima virusi, pima kifua kikuu. Ukipewa dawa na uvimbe usipungue, rudi useme haukupungua. Ukichomwa sindano ukaambiwa hakuna kansa, uliza swali moja la heshima: "Sasa daktari, kama si kansa, ni nini?" Na ukiambiwa kinyama kitolewe, usikimbie. Wapo wanaosema kisu huamsha ugonjwa. Mimi nilichokiona kwa macho yangu ni miezi ya kukisia ikimwamsha.

Fundi yupo. Ana kovu dogo chini ya taya, na kila baada ya muda hurudi kliniki kuangaliwa. Wale wa kijiweni wanakunywa naye kahawa kama zamani, ingawa hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi. Juzi nilipopita aliniita tena, nikadhani ni makubwa. Kumbe mwanagenzi wake, kijana wa miaka kumi na tisa, ana tezi kwapani tangu mwezi uliopita.

"Nimemwambia aweke randa chini," alisema fundi. "Kesho anakwenda hospitali, na nitamsindikiza mwenyewe."

Tukutane wiki ijayo.