Je, Wajua? Mchanga wa Mbweni huficha mafuta ya usukani yanayovuja

Je, wajua kuwa ukiegesha gari kwenye uwanja wa mchanga, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Mbweni, mafuta ya pawa steringi yanaweza kuvuja wiki nzima usione doa? Mchanga huyanywa. Tandika boksi chini ya injini usiku. Asubuhi utakuta tone jekundu. Toyota nyingi za zamani, kama Mark II na Hiace, hutumia mafuta mekundu ya ATF kwenye steringi, na giaboksi otomatiki nayo huyatumia, kwa hiyo kagua kichupa cha steringi kabla ya kuhukumu. IST na Passo usukani wake husaidiwa na mota ya umeme. Tone chini yake limetoka kwingine.

Usukani ukilia unapokata kona, huenda mafuta yamepungua. Safisha pampu, mipira na reki, washa injini, mwenzako azungushe usukani polepole pande zote huku wewe ukimulika tochi. Usipapase mpira wa presha kwa mkono: mafuta yake yanaweza kutoboa ngozi. Zima injini, kisha minya raba za reki. Zikiwa na mafuta ndani, sili zimekufa.

Mpira wa kurudisha mafuta hubadilishwa haraka pamoja na klipu zake. Ule wa presha haufungwi klipu kamwe. Nunua wenye ncha zilizobanwa kwa mashine. Na tafadhali, usijazie mafuta ya breki. Huharibu sili, na mvujo mdogo hugeuka gharama ya reki nzima.