Njia ya Sanje Ibaki ya Miguu

Maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, hushuka takriban mita 170 kwa hatua tatu, na hayafikiki kwa gari: ni kupanda kwa miguu, juu ya mizizi, mawe na matope. Wapo wanaoona ugumu huo kuwa kasoro ya kurekebishwa kwa barabara. Mimi nauona kuwa ulinzi. Katika msitu huu yumo nyani wa Sanje, asiyepatikana popote nje ya Udzungwa, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu (wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimjua zamani). Barabara kwenye mteremko mkali kama huu ingekata miti, ingelegeza udongo mvua zinaponyesha, na ingetenganisha matawi ambayo mbega huyatumia kuvuka.

Itasemwa kwamba wazee na wenye ulemavu wananyimwa haki yao. Hoja hiyo ina uzito, na sijaona jibu linaloimaliza. Hata hivyo, ngazi na vishikio penye utelezi vingewasaidia wengi bila kuupasua msitu. Na kwa wanaodai kwamba barabara ingeleta mapato, mwendo wa miguu ndio unaowapa waongozaji wa watalii kazi.