Uchujaji wa Intaneti Maktabani: Suala la Uwajibikaji

Mjadala kuhusu uchujaji wa intaneti katika maktaba na shule za Marekani umejikita zaidi katika swali la kipi kizuiwe. Swali la nani anayezuia limepewa nafasi finyu, ilhali lina uzito mkubwa katika kesi ya Kaunti ya Loudoun, Virginia. Mwezi Oktoba 1997 bodi ya maktaba za kaunti hiyo ilipitisha sera ya kuzuia picha za ngono, kisha ikatumia programu iitwayo X-Stop. Walalamikaji walieleza kwamba programu hiyo ilizuia hata ukurasa wa Marafiki (Wakweka), madhehebu yenye waumini wengi magharibi mwa Kenya! Vigezo vya uzuiaji vilikuwa siri ya kampuni. Bodi yenyewe ilikiri kutovijua. Mkutubi asiyenunua kitabu huweza kuulizwa sababu, bali orodha iliyofichwa haina wa kuulizwa. Novemba 1998 Jaji Leonie Brinkema, aliyewahi kuwa mkutubi, aliamua kwamba sera hiyo ilikiuka Katiba.

Hata hivyo, sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 ilifungamanisha baadhi ya ruzuku na vichujio. Mahakama ya Juu iliiafiki mwaka 2003, hoja mojawapo ikiwa kwamba mtu mzima aweza kumwomba mkutubi amfungulie. Hivyo uwajibikaji ulirejeshwa kwa mkutubi, lakini kwa ombi la msomaji tu. Na asiyejua kwamba ukurasa fulani upo hawezi kuuomba. Mwanafunzi aliye mtoto, chini ya ruzuku ya mawasiliano ya shule, hana hata ombi hilo.